Bastola Isiyo na Risasi Dukani

Freeman, Dakota Kusini
11 Januari 1998

Dada Lavonne,

Kashata zako za Krismasi zilifika zimekuwa unga, lakini tumezila kwa kijiko na hatukuacha chembe. Sisi hatujambo. Wifi yako Arlys alibadilishwa nyonga mwezi uliopita, sasa anatembea na fimbo, na fimbo hiyo hiyo anaitumia kunionyeshea kazi zilipo. Baridi ni ya kawaida: jana lori halikuwaka, trekta halikuwaka, na mimi mwenyewe niliwaka kwa taabu. Kondoo wako salama. Mwambie shemeji Virgil meno mapya yasimtie kiburi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unalijua sikio langu la kulia, na la kushoto nalo limeanza kumwiga mwenzake.

Sasa dada, nina jambo. Delbert Graber, jirani yetu wa kule kisimani, aliuza trela lake la ng'ombe. Mnunuzi akapungukiwa, akaongezea bastola. Unawajua akina Graber, dini yao haishiki silaha hata ya mchezo. Ameifukia ghalani kwenye pipa la shayiri, na anasema tangu iingie humo hata shayiri inamtazama vibaya. Anataka iondoke, kwa bei ya kutupa.

Nimeishika. Ni ya Kiitaliano, chuma kitupu, nzito kama neno la mama mkwe, na inatulia mkononi kama kifaranga aliyelala. Tatizo ni kipimo chake. Ni nukta arobaini na moja ya inchi, lakini si ile ndefu ya wawindaji. Hii ni fupi, ya bastola za kujilisha zenyewe. Nimeuliza Sioux Falls, hawana. Nimeuliza Yankton, mwenye duka akanitaka nikasome tena maandishi kwenye mtutu, nimevaa miwani. Inakuja na boksi moja lenye risasi thelathini na saba. Zikiisha hizo, ni kujaza mwenyewe nyumbani, baruti mpya ndani ya maganda ya zamani.

Wewe ndiye baba alikufundisha kujaza risasi mpaka ukampita. Nishauri. Ninunue au nisinunue?

Ndugu yako,
Merle

N.B. Ukimfahamu mtu mwenye mashine ya kujazia risasi, ya zamani, ya kijani, mpini wake umeviringishwa ngozi, ambayo pengine hana kazi nayo, nijulishe. Nauliza tu.


Salmon, Idaho
2 Februari 1998

Mdogo wangu Merle,

Tumefurahi kusikia wifi anatembea. Mwambie fimbo ni kwa ajili ya nyonga, ila kama mkono ukiteleza sitamlaumu. Huku mto umeganda toka ng'ambo hii hadi ile. Virgil meno yake yapo kwenye glasi, anasema anayatunza kwa ajili ya Pasaka. Mimi bado nipo dirishani posta. Mwaka huu natimiza miaka thelathini na moja kazini, na bado watu wananiuliza stempu ibandikwe upande gani.

Jibu langu ni usinunue.

Risasi hiyo ni mwanamume mwenye kitambi aliyevaa viatu vya mtoto. Kiuno kinene, kitako chembamba sawasawa na cha milimita tisa. Wazo halikuwa baya. Lakini haikupita miaka mingi ikatokea nukta arobaini, polisi wote wakaikimbilia hiyo, na hii ikaachwa mlangoni na mizigo yake. Maganda yake hayatengenezwi tena kwa wingi. Itakubidi uchukue maganda ya ile ndefu ya wawindaji, uyakate, kisha uyakereze kitako moja moja kwenye mashine, kwa uvumilivu. Merle, wewe ni mtu anayepasua kuni huku anatazama bata wakipita.

Halafu kuna kuyaokota. Bastola za namna hiyo hutupa maganda kama mke aliyechoka anavyotupa sufuria. Mwenye milimita tisa akipoteza ganda anacheka. Wewe ukipoteza ganda, ni msiba, utatafuta mpaka umande.

Nunua milimita tisa kama Walutheri wengine.

Dada yako,
Lavonne

N.B. Mimi nafanya kazi posta, si ofisi ya vitu vilivyopotea.


Freeman
1 Machi 1998

Dada,

Tumeanza kupata wana-kondoo, kumi na tisa mpaka leo, mapacha jozi sita. Arlys anakusalimu, anasema ushauri wako kuhusu fimbo ameupokea kwa moyo wote.

Nimeifikiria barua yako kwa makini. Nimemwambia Graber aniwekee bastola kando. Si kununua, ni kuweka kando tu. Na nimepata kwenye gazeti tangazo la bwana mmoja wa Missouri ambaye kazi yake ni hiyo hiyo, kukereza vitako vya maganda. Nilimwandikia. Amejibu kurasa nne, za mkono, pande zote. Anasema hajapata barua kuhusu kipimo hiki tangu mke wake alipofariki, na akaniombea baraka. Kwa hiyo usiseme tumekwisha. Tupo wawili.

Halafu fikiria jambo hili. Mtu mwenye milimita tisa anaingia dukani, ananunua, anapiga, anasahau. Mtu mwenye kipimo kama hiki anaijua kila risasi yake kama mchungaji anavyojua kondoo. Huoni kuna adabu ndani yake?

Tatizo langu ni mashine tu. Meza ya baba ipo gerejini, safi, tupu. Inashangaza jinsi meza inavyoweza kuwa tupu. Mtu anaondoka kwenda kumzika mama yake, meza ina mashine. Anarudi, meza haina. Lakini mambo ya dunia ni mengi, na mimi si mtu wa kuuliza.

Merle


Salmon
19 Machi 1998

Merle,

Hongera kwa mapacha. Virgil ameshikwa na mafua.

Kidole chako kinaendeleaje?

Lavonne


Freeman
14 Juni 1998

Dada Lavonne,

Nimekaa miezi mitatu bila kukujibu kwa sababu ya kondoo, halafu mvua, halafu majani ya kukata. Na kwa sababu ya lile swali lako. Kidole changu hakijambo. Kimepungua pale kilipopungua, na hakijaongezeka. Kama baba alivyosema mwenyewe, ile bastola yake chuma chake kilikuwa kimechoka. Mtu yeyote angeweza kuwa ameishika siku ile ilipopasuka.

Sasa habari. Nimenunua.

Tuliijaribu malishoni, mimi na Graber. Alikuja kuhakikisha imeondoka kweli katika maisha yake. Nilimwambia, "Delbert, simama kushoto." Akasema, "Nitasimama pale Bwana aliponiweka." Bwana alikuwa amemweka kulia. Nikapiga ya kwanza, ganda likaruka juu, likageuka, likaingia kwenye kola ya Graber, ndani ya ovaroli, la moto. Dada, mtu yule hajacheza dansi tangu azaliwe, kanisa halimruhusu. Alicheza. Alicheza mpaka kwenye ua na kurudi. Arlys alikuwa barazani, alilazimika kukaa chini. Graber aliponipa lile ganda alisema, "Chukua, na shetani akusaidie kuhesabu mengine."

Nikapiga kumi. Nililenga kopo la rangi, nikalipata mara nane. Maganda yote kumi nimeyapata, matatu kwa kutambaa, moja lile la Graber.

Halafu, kwa kuwa mashine za zamani siku hizi zina miguu, nimeagiza mpya. Ipo hapa kwenye boksi lake, nyekundu. Bwana wa Missouri amenitumia maganda ishirini, na baruti nimenunua Mitchell. Nitaanza kujaza Jumamosi ya tarehe 27. Sihitaji ushauri wa mtu. Ila kama mtu anataka kuutoa, posta anaijua ilipo.

Merle


Salmon
18 Juni 1998
KWA HARAKA

Merle,

Leo sina salamu. Usiiguse hiyo mashine.

Nimepiga simu mara nne. Wifi anapokea, anakuita, unakuja, unapiga kelele "NANI?" mara tatu, unakata. Kwa hiyo soma, tena soma ukiwa umekaa.

Chuma cha baba hakikuwa kimechoka. Siku ile ya Machi mwaka themanini na tisa, ulipokuwa hospitali na mkono umefungwa, nilikuwepo nyumbani, nilikuja kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mama. Baba aliniita gerejini. Tulifungua risasi zote zilizobaki katika lile boksi ulilojaza, moja baada ya nyingine. Arobaini na nne. Tatu zilikuwa na baruti mara mbili. Mbili hazikuwa na baruti kabisa. Baba alizipanga mezani. Kisha akasema, "Tusimwambie. Amepungukiwa kidole, tusimpunguzie na jina." Akaenda hospitali akakwambia habari ya chuma.

Alipougua aliniambia tena: "Mama yako akiwepo, ufunguo wa gereji anao yeye. Akifa, gereji ni ya Merle. Siku hiyo uondoke na mashine, kabla haijaondoka na kichwa chake." Nikamwahidi. Kwa hiyo siku tuliyomzika mama, nyinyi mkiwa kanisani mnakula nyama ya nguruwe na saladi ya viazi, mimi nilikuwa gerejini na spana, nimevaa gauni la msiba. Virgil aliibeba chini ya koti mpaka garini. Mchungaji akampita njiani, akamtazama tumbo, akamwambia huzuni ina namna nyingi.

Ndiyo, ninayo. Miaka karibu minne umeniita mwizi bila kuandika neno mwizi, nami nimekubali, maana kuwa mwizi kulikuwa rahisi kuliko kukwambia haya. Lakini kukuzika wewe sitaweza. Nimeshazika vya kutosha katika mji ule.

Usiiguse.

Lavonne


Freeman
9 Agosti 1998

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Nimeanza barua hii mara tano, na mara nne kondoo wameila, au niseme nimewapa.

Nilijua.

Nilijua tangu sekunde ile ilipolia. Wakati najaza lile boksi redio ilikuwa inatangaza mashindano ya mpira wa kikapu ya jimbo, robo ya nne, vijana wetu wako nyuma kwa pointi moja. Nikawa sikumbuki kama ganda hili nimelitia baruti au bado. Nikatia. Nakumbuka mkono wangu ukitia. Tulishinda mchezo ule, na miaka yote hii sijaweza kuufurahia.

Baba alipokuja hospitali akasema chuma kimechoka, niliutazama uso wake. Dada, alikuwa na furaha, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta njia nzima. Ningemnyang'anyaje? Nikamjibu, "Ndiyo baba, naona kimechoka." Tukakaa mpaka anakufa tunalaumu chuma. Tulikilaumu chakulani, tulikilaumu kwa wageni. Niliwahi kumsikia anamwambia mwuza mbolea kwamba chuma cha siku hizi hakina uaminifu. Sikujua kwamba alikuwa amefungua zile nyingine. Nilidhani nina siri yangu peke yangu, kumbe tulikuwa tunailisha wote watatu, kila mtu kwa mlango wake.

Na wewe nikakuacha ubebe jina la mwizi, nikijua moyoni kwamba kama kuna mtu asiyestahili kuachiwa mashine ile, ni mimi. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa na haki. Hasira ya namna hiyo haina dawa.

Mashine nyekundu sikuifungua. Ukweli ni kwamba hata ningetaka nisingeweza. Barua yako ilipofika na KWA HARAKA juu yake, Arlys aliisoma kwanza. Akaibeba mashine, na nyonga yake ile ile, akaifungia kwenye buti la gari, akaukalia ufunguo siku tatu. Ilinibidi nimletee chakula pale kitini. Imerudishwa ilikotoka.

Sasa nina bastola na sina la kuipa. Zile risasi thelathini na saba zimekwisha. Maganda nimeyapata thelathini na tano. Mawili yamebaki malishoni, na kuna jike mmoja wa kondoo ninayemshuku. Nakutumia hayo pamoja na yale ishirini ya Missouri. Ukitaka kujaza, jaza. Ukitaka kuyatupa mtoni, nitaelewa.

Ndugu yako,
Merle


Salmon
23 Agosti 1998

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma dirishani kazini, ikanibidi niweke kile kibao cha "Nenda Dirisha Linalofuata." Hatuna dirisha linalofuata.

Maganda yamefika. Nimeyaosha, nimeyapima, nimetupa matatu yaliyopasuka shingoni. Yaliyobaki nimeyajaza, isipokuwa matano. Kalibu za kujazia kipimo hicho nilikuwa nazo, usiniulize tangu lini.

Sasa sikiliza kanuni. Ganda tupu linapita posta. Risasi iliyojazwa haipiti, na mimi sitaivunjia sare hii heshima kwa ajili yako wala ya mtu yeyote. Basi mna gari, na wifi ana nyonga mpya. Maili elfu moja si kitu. Njooni mzichukue wenyewe.

Matano yale yanakusubiri wewe.

Lavonne


Freeman
4 Oktoba 1998

Dada Lavonne na shemeji Virgil,

Tumefika salama. Gari lilitusumbua kidogo Wyoming, halafu likatubu. Arlys anawashukuru kwa samaki, kwa kitanda, na kwa kumsikiliza akisimulia dansi la Graber mara tatu. Kila mara Graber anaruka juu zaidi.

Mimi sikushukuru vizuri pale mlangoni. Nashukuru sasa.

Nilipoiona mashine ya baba kwenye meza yako nilidhani nitakasirika. Sikukasirika. Ulinikalisha mbele yake, ukazima redio, ukamwambia Virgil apumulie jikoni. Ukanipa yale maganda matano. Kila baruti niliyoitia ulinitaka niipime mizanini, kisha ukachungulia kila ganda kwa tochi kama daktari wa masikio. Saa nzima kwa risasi tano! Nilikwambia, "Dada, kwa mwendo huu nitakufa kwa uzee kabla ya kulipuka." Ukasema, "Ndiyo mpango wenyewe."

Lakini kule kwenye machimbo ya kokoto, nilipoiinua bastola, niliishusha tena. Malishoni sikuishusha, zile zilikuwa za kiwandani. Hizi zilikuwa zangu. Nilisimama pale, sijui muda gani. Virgil akaanza kutazama mawingu. Kisha wewe ukasema, "Lete hapa," ukaichukua mkononi mwangu, ukapiga ile ya kwanza. Risasi niliyoijaza mimi, kwa mkono wangu huu pungufu, na uso wako nyuma yake.

Kopo likaruka. Ukapiga ya pili.

"Mbona unazimaliza?" nikakuuliza.

"Nahakikisha."

Ulihakikisha zote tano. Kisha ukahakikisha ishirini za kwako. Mimi nimesafiri maili elfu moja nikapiga risasi sita, na mbili kati ya hizo ni kwa sababu Arlys aliniombea ruhusa kwako.

Sijali. Usiku wa jana, kwa mara ya kwanza, nilimweleza Arlys jinsi ule mchezo ulivyomalizika. Sekunde nne za mwisho, kutoka nusu ya uwanja. Ilikuwa nzuri kweli kweli.

Merle


Salmon
22 Novemba 1998

Mdogo wangu Merle,

Theluji imeanza, mapema kuliko mwaka jana. Virgil amevaa meno siku nzima ya jana kwa ajili ya bata mzinga wa majaribio kabla ya Sikukuu ya Shukrani, akasema alikuwa hajui bata mzinga ana ladha. Mguu wangu wa kushoto unauma nikisimama sana. Posta wameniletea kiti kirefu, nami nakikalia kama jaji. Mpeni Graber salamu zangu, mwambieni tunamheshimu.

Nina jambo dogo, wala si la kulikuza.

Kuna daktari mzee wa meno kule Boise ndiye aliyemtengenezea Virgil meno. Tulikwenda akayakaze. Katika mazungumzo akataja kwamba ana bastola moja hivi, haiuziki, kila anayemwonyesha anamuuliza kama amekosea kusoma kipimo. Nikamwuliza, kwa adabu tu, ni kipimo gani. Akanitajia.

Usiniandikie chochote kuhusu akili. Nilikuwa nayo nilipoingia kwake. Imetengenezwa kiwanda kile kile cha yako, ila yangu imetunzwa vizuri zaidi. Virgil alikuwa amefunguliwa mdomo kwenye kile kiti, hakuweza kupinga. Alijaribu. Daktari alidhani anaumia.

Si hilo tu. Wakati natoka, yule daktari akaniuliza kama ningependa na ndoo. Ndoo gani? Ndoo ya maganda, Merle. Mia sita na kumi na mawili, nimeyahesabu mara mbili. Mengi hayajapigwa hata mara moja. Aliyanunua yote siku duka fulani lilipofunga, akamficha mkewe, kisha mkewe akayakuta akasema ama ndoo au yeye. Bwana wa Missouri ukimwambia atalia.

Nimekutengea nusu. Yapo hapa kwenye kopo la kahawa, jina lako juu.

Najua unachotaka kusema. Ganda tupu linapita posta, ulishaambiwa na mtu anayezijua kanuni. Ni kweli, yanapita. Haya hayapiti. Nimeamua hivyo mimi mwenyewe, dirishani, nikiwa na sare. Theluji itayeyuka Aprili. Mje wawili, na safari hii mkae wiki.

Dada yako,
Lavonne